Fataki Iliyolowekwa

Ukitaka kujua kisa hiki kilitokea nchi gani, ndugu msomaji, tafadhali usiulize kwa sauti. Nchi yenyewe ipo. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko watu wanaozijua, na ina kiongozi aitwaye Baba wa Utulivu, ambaye picha zake za ukutani zimezeeka na yeye bado. Ndani ya nchi hiyo kuna manispaa ya Kimyani, na katikati ya Kimyani kuna bustani ya umma yenye nyasi laini kabisa ambazo umma hauruhusiwi kuzikanyaga.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la bustani, aliishi Bi. Skolastika na mumewe, Bwana Apolinari, Katibu Msaidizi wa Baraza la Manispaa. Binti yao Tumsifu alikuwa ameolewa mji mwingine, hivyo nyumbani walibaki wawili tu. Bwana Apolinari ndiye aliyeandika sheria ndogo zote za Kimyani, na kila jioni alimsomea mkewe vifungu vipya huku mama wa watu akichagua mchele. Bi. Skolastika hakuvielewa vyote, lakini alikuwa amevizoea kama wengine wanavyozoea redio. Siku mumewe asipomsomea kifungu, usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu.

Sheria ya fataki ilizaliwa harusini. Watu walikuwa wamekodi kona ya bustani, na Mheshimiwa Meya Sudi Mkangamo alikaa meza kuu akingojea kukaribishwa aseme mawili matatu. Kabla hajakaribishwa, rafiki zake bwana harusi wakawasha fataki. Moshi ulipotawanyika, Meya hakuonekana kitini. Walimkuta chini ya meza, amekumbatia mguu wa bibi yake bibi harusi kwa mikono miwili, na bibi wa watu anapiga kelele kuliko ile fataki.

Kesho yake Meya aliita waandishi wa habari. Aliwaeleza kwamba alikuwa akikagua uimara wa samani za manispaa, kazi ambayo viongozi wengi huipuuza, na kwamba mguu wa bibi aliushika akidhani ni wa meza. Waandishi waliandika hivyo hivyo. Kisha Meya akamwita Bwana Apolinari ofisini, akafunga mlango, akamwambia anataka sheria.

Bwana Apolinari aliifanya kazi hiyo kwa mapenzi. Alipiga marufuku kuwasha fataki bustanini, kushika fataki, kubeba fataki kwa nia njema, na kutazama angani kwa namna ya mtu anayetarajia fataki. Kwa ajili ya usalama aliagiza kwamba fataki yoyote itakayopatikana ndani ya mipaka ya bustani itumbukizwe mara moja kwenye ndoo ya maji na ikae humo. Lakini kifungu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha adhabu, na hicho alimsomea mkewe akiwa amesimama.

"Sikiliza hapa, mama Tumsifu. 'Mkosaji atawekwa kizuizini mpaka umma utakapokuwa umeusahau mlipuko wake.' Umesikia inavyoteleza?"

Bi. Skolastika aliacha mchele. "Na umma usiposahau, baba Tumsifu?"

"Ah, mke wangu!" Bwana Apolinari alicheka kwa huruma, jinsi wasomi wanavyowacheka wapendwa wao. "Umma wetu husahau upesi. Wangekuwa hawasahau, nani angetawala?"

*

Mwaka haukupita, habari zikaja kutoka makao makuu. Baba wa Utulivu angeitembelea Kimyani Siku ya Utulivu, na alikuwa amesikia kwamba katika nchi za wenzetu siku za taifa huadhimishwa kwa fataki. Angependa kuiona moja. Angependa kuionea bustanini. Nchi rafiki ilikuwa tayari imeleta fataki yenyewe kama zawadi, moja tu, lakini nene kama mchi wa kinu.

Baraza likaitwa kwa dharura. Asubuhi hiyo Bwana Apolinari alikuwa na jino lililomnyima usingizi, akakimbilia kwa daktari, akamtuma mkewe apeleke udhuru. Ndivyo Bi. Skolastika alivyojikuta amekaa benchi la wananchi, karibu na mlango, anasikiliza Meya akihutubia.

"Waheshimiwa madiwani!" Meya aliunguruma. "Wapo watakaosema tuifute sheria ya fataki. Nawauliza, Baraza hili limewahi kukosea?"

"Haliiijawahi!" wakajibu madiwani.

"Na kama halijawahi kukosea, lina haja gani ya kufuta? Sisi hatufuti. Sisi tunaongeza!"

Makofi yakalia, na wakaongeza. Wakaongeza kifungu kisemacho kwamba Siku ya Utulivu fataki itawashwa bustanini kwa heshima zote, na kingine kisemacho kwamba atakayeiwasha atakamatwa hapo hapo kwa mujibu wa sheria, ili wananchi waone kwamba hakuna aliye juu yake. Diwani mmoja alisifu jinsi vifungu hivyo viwili vinavyosaidiana. Likabaki swali dogo la nani ataiwasha.

Diwani huyu akaanza kutafuta kalamu mezani huku ameishika, yule akagundua dari ina ufa, na mwingine akapatwa na kikohozi cha ghafla. Sasa, Baraza la Kimyani lilikuwa na desturi yake ya tangu enzi: kazi ambayo kila mtu anaiogopa hupewa asiyekuwepo. Ni desturi yenye busara, maana asiyekuwepo habishi, hapigi kelele, na uteuzi wake hupita bila kupingwa. Meya aliangaza macho viti vyote, yakatua kwenye kile kilichokuwa kitupu.

"Napendekeza Katibu Msaidizi, Bwana Apolinari!"

"Naunga mkono!" waliitikia wote, na yule mwenye kikohozi akapona papo hapo.

Bi. Skolastika aliruka na kunyoosha mkono. "Mheshimiwa Meya, naomba niseme!"

"Mama, mwananchi haruhusiwi kusema ndani ya Baraza isipokuwa kwa kushukuru."

"Basi nashukuru, Mheshimiwa. Nashukuru sana. Lakini mume wangu yuko kwa daktari anang'olewa jino!"

"Ndiyo maana amechaguliwa," alisema Meya kwa upole, na makofi yakarindima tena.

Alirudi nyumbani. Bwana Apolinari alipofika, shavu limevimba na pamba mdomoni, mkewe akamweleza yote. Mumewe akaiendea rafu, akaitoa sheria yake mwenyewe, akaisoma mwanzo hadi mwisho akitafuta mwanya wa kutokea, na hakuuona hata mmoja. Alikuwa ameiandika vizuri mno.

"Mpaka umma usahau," alisema kupitia ile pamba. "Wiki, mama Tumsifu. Wiki mbili zikizidi. Unawajua watu wetu."

Bi. Skolastika aliwajua. Hilo ndilo lililomtia hofu.

*

Siku ya Utulivu ilifika na jua kali. Fataki iliwashwa alasiri, kwa sababu sheria ya saa za kufunga bustani inasema lango lifungwe kabla giza halijaingia, na sheria hiyo nayo haikuweza kufutwa. Watu walipangwa pembeni ya nyasi. Baba wa Utulivu alikaa kwenye kiti chenye mto, chini ya turubai, na hotuba ya Meya ya kumkaribisha ilikuwa ndefu na tamu hata mgeni mwenyewe akasinzia.

Fataki ililetwa ikiwa ndani ya ndoo ya maji. Ilikuwa imelowekwa humo tangu ilipoingia bustanini, kama kifungu cha usalama kilivyotaka, na Bwana Apolinari mwenyewe ndiye aliyekuwa akiongeza maji kila yalipopungua. Aliitoa, ikachuruzika mpaka kwenye viatu vyake. Akaisimamisha, akawasha kiberiti, akauchokonoa utambi. Utambi ukakataa. Akawasha kingine, na kingine, na polisi wamekaa tayari na pingu. Mwishowe ile fataki ikatoa sauti ya tsss, kama tone la maji lililodondokea kikaango, ikafuka kamoshi kembamba, ikanyamaza.

Bustani nzima ilinyamaza nayo. Bi. Skolastika, aliyekuwa mstari wa mbele na khanga mpya, alihisi moyo unampanda kwa furaha. Haikulia! Hakuna mlipuko, hakuna kosa, hakuna kizuizi, jioni mumewe atakula nyumbani.

Ndipo mpambe akakohoa, na Baba wa Utulivu akazinduka. Aliona umati, aliona moshi, aliona mtu amesimama na kiberiti. Akakisia yaliyopita, akapiga makofi.

"Safi sana!" alisema. "Mlipuko mkubwa huo!"

Kufumba na kufumbua Kimyani yote ilikuwa ikishangilia. Watu waliziba masikio. Kina mama walipiga vigelegele, mzee mmoja akajitupa chini kwa kishindo alichokizua mwenyewe. Meya, kwa kuchelewa kidogo, akaingia chini ya meza.

Basi Bwana Apolinari akaletwa mbele. Kwa ajili ya ule mlipuko alivishwa Nishani ya Mlipuko Mtukufu, Daraja la Pili, kwa kuwa la Kwanza alipewa Baba wa Utulivu kwa kuusikia. Na kwa ajili ya mlipuko huo huo akavishwa pingu. Mpiga picha aliwaomba polisi wamgeuze kidogo ili vitu vyote viwili vionekane. Bi. Skolastika alipita katikati ya watu akilia, "Haikulia! Jamani, si mmeona haikulia?" Lakini vigelegele vilimmeza, na jirani yake, mama Zaituni, akamfinya kiganja na kumnong'oneza, "Nyamaza, shoga yangu. Unataka wakufuate na wewe?"

Watu walipotawanyika, afisa mmoja alimkumbusha kwamba kwa mujibu wa sheria mabaki ya fataki huondolewa na jamaa za mkosaji. Bi. Skolastika akaiviringisha ile fataki kwenye khanga yake mpya, nzima vilevile, inachuruzika maji, akavuka nayo barabara.

*

Gereza la Kimyani limepakana na bustani kwa upande wa nyuma, ili wafungwa wapate hewa safi wasiyoiona. Bi. Skolastika alimpelekea mumewe chakula, naye alimkuta katika hali asiyoitarajia. Nishani ilikuwa kifuani. Askari magereza walimwita Mheshimiwa Mwashaji.

"Baba Tumsifu, waambie haikulia. Kifungu ni chako, unakijua. Bila mlipuko hakuna kesi."

Bwana Apolinari aliangalia mlango, akashusha sauti. "Unataka nisimame mbele ya watu niseme Baba wa Utulivu alipigia makofi ndoo ya maji?"

"Nataka urudi nyumbani."

"Nitarudi. Kamati imeshaundwa. Wananchi wakisahau tu, natoka kwa heshima, na nishani yangu."

Kamati ilikuwa imeundwa kweli. Iliitwa Kamati ya Kutathmini Usahaulifu wa Umma, chini ya Diwani Mwanaidi Shombe, mama mnene mwenye sauti nyororo na miwani inayoning'inia kwa mnyororo. Kila Ijumaa kamati ilizunguka mitaani kuwauliza wananchi kama wameusahau mlipuko. Kwa hiyo hata ambaye angekuwa na bahati ya kusahau alikumbushwa kila wiki mlangoni kwake.

Lakini tatizo kubwa halikuwa hilo. Tatizo ni kwamba nani angethubutu kusema ameisahau fataki ya Baba wa Utulivu?

"Kuusahau mlipuko ule?" kinyozi alimwambia Diwani Mwanaidi, wembe umesimama shingoni mwa mteja. "Mama, naukumbuka kama wa leo! Mpaka sasa sikio hili linavuma."

"Na mimi hili," akasema mteja upesi, kwa sababu ya wembe na kwa sababu nyingine.

Kila Ijumaa mlipuko ulizidi kukua. Watu walitia chumvi, na waliowafuata wakatia zaidi ili wasionekane wamekumbuka kidogo. Wa kwanza walisema ulitikisa vikombe. Baadaye ukawa umeangusha kuta, umeponya kiuno cha mtu, umechora angani sura ya Baba wa Utulivu akitabasamu, pamoja na alama aliyo nayo shavuni. Mzee Ngwale, ambaye ni kiziwi tangu kuzaliwa na mji mzima unajua, alieleza kwa mikono kwamba aliusikia vizuri sana. Hata watoto waliozaliwa baada ya Siku ya Utulivu walisajiliwa na wazazi wao kuwa wanaukumbuka.

Ni mtu mmoja tu katika Kimyani nzima aliyejibu tofauti. "Mimi sina cha kusahau," alisema Bi. Skolastika. "Haikulia."

Diwani Mwanaidi alimtazama kwa huruma. "Huyu mama ana uchungu wa mumewe," aliwaambia wajumbe wenzake. "Tusimwandike kitu, tusije tukamwongezea matatizo."

Miezi ikakatika. Bi. Skolastika alikuwa akipika chakula cha watu wawili, kisha anakumbuka, anashika tama. Wakati mwingine jioni aliichukua sheria mojawapo rafuni, akajisomea kifungu kwa sauti, lakini hakikunoga, na mara nyingi alikifunga kitabu akalia. Alimkosa mtu wake. Alimkosa pamoja na vifungu vyake vyote.

*

Ile fataki alikuwa ameianika juu ya bati la jiko, kando ya makopa ya muhogo, kwa sababu kila kilicholowa hapo kwake huanikwa, wala hakuwa na jambo jingine kichwani. Jua la kiangazi likaikausha ikawa kavu kau. Asubuhi moja mama Zaituni alikuja kuomba kaa la moto. Akainua macho, akaiona.

"Yesu na Maria na mitume wote!" Mama Zaituni ni Mwislamu, lakini aliona hapo panahitaji msaada wa kila upande. Akajifunika uso kwa upande wa khanga. "Sijaona! Shoga, mimi hapa sijaona kitu! Hata bati sijaliona!"

"Mama Zaituni, Ijumaa iliyopita hukuwaambia kamati kwamba hii hii ilipolia ulirushwa mpaka kisimani?"

"Ile ilikuwa na kibali. Hii hapa ni marufuku, itanitia ndani! Mimi kaa la moto nimeghairi." Akapapasa ukuta mpaka nje, macho kayafumba, akajigonga kwenye mlingoti wa kamba ya nguo, wala hakusema aliumia.

Bi. Skolastika alibaki amesimama uwanjani. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Majirani zake wamekumbuka miezi yote hii kitu ambacho hakikuwepo, kwa woga tu. Woga huo huo ungeweza kuwafanya wasikione kilichopo. Alikaa kwenye kigoda akawaza jambo hilo mpaka maharage yakaungua. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

*

Ijumaa asubuhi, saa ambayo kamati hukutana langoni mwa bustani kabla ya kuanza mzunguko, Bi. Skolastika alivuka barabara na fataki begani. Hakuificha. Watu waliokaa kwenye mabenchi waligeukia miti. Bwana mmoja aliinua gazeti lake juu chini, akaendelea kulisoma kwa makini. Polisi wa zamu alimsalimia, akaona alichobeba, akaanza kuchunguza vifungo vya shati lake.

Aliisimamisha katikati ya zile nyasi zisizokanyagwa. Akavua ndala kwa heshima, akawasha kiberiti. Alijua kwamba sasa waliokuwa hatarini ni wawili, yeye na mumewe. Utambi ukashika mara moja.

Ilivyolia, siwezi kusimulia vizuri bila kuvunja kifungu fulani. Ardhi iliruka. Njiwa wote wa Kimyani waliondoka mjini kwa pamoja. Juu angani, mchana kweupe, yakachanua maua mekundu na ya kijani, makubwa kama viwanja, yakapasuka yakazaa mengine ya dhahabu, na mwangwi ukazunguka mji mzima ukarudi kuuliza kama wote wamesikia. Kofia ya polisi ilipaa. Vioo vya ofisi ya manispaa vilimwagika, na mle ndani Meya akaingia chini ya meza, safari hii kwa wakati. Bi. Skolastika alisimama peke yake ndani ya moshi, mdomo wazi, na kwa muda alisahau alichojia. Ilikuwa nzuri, jamani. Alitamani baba Tumsifu angeiona.

Polisi aliikimbilia kofia yake, akaikung'uta, akaja mpaka alipo. Walitazamana. Nyusi za polisi zilikuwa zimeungua ncha.

"Upepo wa leo, mama," alisema polisi.

"Ni mkali," alijibu Bi. Skolastika.

Kamati ya Kutathmini Usahaulifu ilikuwa hapo langoni, masizi usoni, vikaratasi vya rangi vimejaa kwenye kilemba cha Diwani Mwanaidi. Walisimama kimya wakingoja mmoja wao aseme neno. Lakini kusema ni kukiri kwamba fataki imelia bustanini mbele ya kamati nzima, na kamati nzima haikumkamata mtu. Diwani Mwanaidi alipangusa miwani yake.

"Ijumaa ni Ijumaa," alisema. "Tuanze kazi."

Walianza na kinyozi. "Ndugu, unaukumbuka mlipuko wa Siku ya Utulivu?"

Kinyozi alikuwa bado hajatoka uvunguni mwa kiti. Harufu ya baruti ilijaa dukani. Asubuhi kama hiyo hakuna mtu mwenye akili zake aliyekuwa tayari kukiri kwamba amewahi kusikia mlipuko wowote, wa jana wala wa juzi, wa halali wala wa haramu. "Mlipuko?" alisema kinyozi. "Mama, mimi tangu nizaliwe sijasikia mlipuko. Hata neno lenyewe ndiyo kwanza."

Mteja wake alisema naye ni mgeni wa neno hilo. Sokoni walisema hivyo hivyo. Mama Zaituni alijibu akiwa kitandani, amejifunika gubigubi, kwamba hajui mlipuko, hajui bustani, na hiyo Siku ya Utulivu alikuwa msibani. Mzee Ngwale aligonga masikio yake yote mawili kwa vidole, akaeleza kwa mikono kwamba yeye ni kiziwi tangu kuzaliwa na anashangaa hawajui. Mitaa yote ilikuwa na jibu moja. Kamati ilirudi ofisini ikiwa na umoja wa kitaifa ambao haujawahi kuonekana.

Jioni hiyo hiyo Meya alitangaza, akiwa amesimama mbele ya madirisha yasiyo na vioo, kwamba umma umesahau. Alipongeza utawala wa sheria. Alisema rekodi ya Kimyani ni safi, kwani katika bustani yake haijawahi kulia fataki yoyote, na kwamba vioo vimeondolewa makusudi kuruhusu uwazi serikalini. Nishani ya Bwana Apolinari ilirudishwa ghalani, kwa kuwa haikuwezekana mtu kuvaa ukumbusho wa kitu ambacho hakuna anayekikumbuka.

*

Bi. Skolastika alikuwa ameshachinja jogoo. Alipika wali wa nazi, akamkaanga yule jogoo, akakatia kachumbari, akafunika kila kitu kwa sahani jikoni. Mumewe alipotokea kizingitini alimrukia, akamkumbatia mpaka akayumba. Bwana Apolinari alikuwa amekonda. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi, na mkewe alipozipangusa akaona ni chokaa ya dari.

"Hii chokaa ya wapi?"

"Imedondoka leo asubuhi. Lile jengo ni la zamani."

Bi. Skolastika alitabasamu, akamkalisha, akakaa karibu yake goti kwa goti. Gereza lenyewe si linapakana na bustani? Siku nzima alikuwa amengoja dakika hii. Hakutaka shukrani, au labda alizitaka kidogo. Alitaka hasa mtu mmoja wa kuzungumza naye juu ya yale maua ya dhahabu.

"Baba Tumsifu, ulisikia?"

Bwana Apolinari alimtazama. Machozi yalimlengalenga, na kwa kitambo kifupi alikuwa na uso wa mtu ambaye alikuwa amelala juu ya sakafu ya saruji, mara ukuta ukatikisika, naye akajua bila kuambiwa kwamba mkewe amekuja. Alifungua mdomo. Kisha akageuka akatazama dirisha, akatazama mlango, akalinyoosha shati kifuani pale nishani ilipokuwa.

"Nisikie nini?" alisema.

"Mlipuko."

"Mlipuko gani?"

Mkewe aliinuka, akaenda jikoni, akafunua sufuria, na harufu ya tui na jogoo wa kukaanga ikatapakaa nyumba nzima mpaka barabarani. Akasikika akijipakulia. Akarudi na sahani moja, imejaa, akakaa nayo mkekani na kuanza kula polepole.

Bwana Apolinari alimeza mate. Alingoja. Alikohoa kidogo, kwa adabu.

"Mama Tumsifu," alisema hatimaye, "na wali wangu?"

Bi. Skolastika alitafuna, akameza, akanyonya mfupa mpaka ukawa mweupe.

"Wali gani?"